Kinyozi Hajinyoi

Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Watu huitumia methali hii wanapotaka kumsema mganga asiyeweza kujiganga, au mwalimu ambaye watoto wake mwenyewe hawajui kusoma. Nami nimeitumia hivyo mara nyingi, bila kufikiri kwamba kabla haijawa methali ilikuwa habari tu ya mtu mwenye wembe mkononi na kisogo ambacho macho yake hayakifikii. Mwaka wa 2022 habari hiyo ilitujia sisi watu wa Voi kama ilivyo, wala si kwa mfano. Kinyozi wetu alifariki, na kabla ya maziko yake likazuka shauri la nani atakayemnyoa.

Jina lake sitalitaja. Nyumba yake imeniruhusu kuandika habari zake, lakini imeomba jina lisitiwe gazetini, nami naliheshimu ombi hilo. Wala hakuna mtu wa Voi atakayepungukiwa, maana mjini hapakuwa na aliyemwita kwa jina. Wakubwa walimwita Kinyozi, sisi wadogo tulimwita Mzee Kinyozi, na mkewe akaitwa Mama Kinyozi, kana kwamba kazi ile ndiyo iliyokuwa mtoto wao wa kwanza.

Alizaliwa katika milima ya Taita. Kitambulisho chake kilionyesha mwaka wa 1947, ingawa mwenyewe alikuwa akicheka na kusema kwamba mwaka huo aliupewa na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. (Mimi ni karani, nami najua jinsi miaka ya namna hiyo inavyopatikana.) Mtu anayeijua milima ile anajua kwamba udongo wake ni mzuri na ubaridi wake ni wa kupendeza, lakini mashamba ni madogo, na kila kizazi huyagawanya yakawa madogo zaidi. Yeye alikuwa mtoto wa nne wa kiume. Alipohesabu ndugu zake na kutazama shamba la baba yake, aliona kwamba fungu lake lingetosha kaburi lakini halingetosha mahindi. Basi mwaka wa 1965 akafunga nguo zake katika shuka akateremka Voi, ambako ni nchi nyingine kabisa: tambarare, jua kali, mashamba ya mkonge, ndovu wa Tsavo, na njia ya reli itokayo Mombasa.

Kazi ya kwanza aliyoipata ni kufagia nywele katika duka la kinyozi mmoja wa Kihindi karibu na stesheni. Mshahara ulikuwa chakula cha mchana na shilingi chache mwisho wa mwezi. Alifagia, alichota maji, alifua vitambaa, na kila jioni alinoa nyembe, kwanza juu ya kinoo chenye mafuta, kisha juu ya ukanda wa ngozi. Kwa muda wa mwaka mzima hakuruhusiwa kugusa kichwa cha mtu. Yule Mhindi alimpa chupa iliyopakwa povu la sabuni, akamwambia ainyoe kwa wembe mpaka povu liishe bila kusikika mkwaruzo wa chuma juu ya kioo. Alipokuwa akitusimulia hadithi hiyo alituonyesha kwa mikono, nasi watoto tulikwenda nyumbani tukajaribu kunyoa chupa kwa kisu.

Mwaka wa 1968 Wahindi wengi waliokuwa na pasi za Kiingereza waliondoka Kenya, maana sheria za leseni za biashara zilibadilika, na huko Uingereza nako mlango ulikuwa ukifungwa. Bwana wake alikuwa mmoja wao. Siku ya kuondoka alimwuzia mashine moja ya mkono kwa bei ya kulipa kidogo kidogo, lakini pesa zilizosalia hazikupata kulipwa, kwa sababu hapakuwa na anwani ya kuzipeleka. Kioo alimpa bure. Kioo kile kilikuwa na ufa kwenye pembe ya chini, nami nimejitazama ndani yake tangu nilipokuwa nasimamishwa juu ya sanduku hata nilipoanza kuona mvi yangu ya kwanza.

Duka likachukuliwa na watu wengine, naye akahamia chini ya mti wa mwarobaini. Msumari mmoja wa kioo, kiti kimoja cha mbao chenye mikono, benchi moja la wanaongoja, sanduku la vyombo, na beseni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka halmashauri ilipojenga vibanda, naye akapata kimoja hatua ishirini tu kutoka kwenye mti wake.

Ningependa nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa maana vijana wa leo wamezoea mashine za umeme, na huenda wasiamini kwamba kichwa kiliweza kunyolewa vizuri bila waya. Mashine ya mkono ina safu mbili za meno, ya chini imetulia na ya juu huenda kushoto na kulia kila mikono miwili ya chuma inapobanwa na kuachwa. Meno yakiwa makali na yamepakwa mafuta ya cherehani, nywele hukatika zikaanguka kama majani. Yakiwa butu hayakati, huvuta, na mtoto hulia. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada aliifungua mashine yake, akayasugua meno juu ya kioo bapa kwa unga laini wa msasa, akayafuta, akayapaka mafuta, akajaribu kwanza kwenye nywele za mkono wake mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hauna nywele hata moja mpaka kwenye kiwiko.

Siri nyingine ilikuwa kwenda kwa mwendo mmoja. Kinyozi asiye na ustadi huisukuma mashine kabla mkono haujamaliza kubana, na hapo ndipo nywele hung'olewa badala ya kukatwa. Yeye alikuwa akiimba polepole puani, wimbo usio na maneno, na mashine ilifuata wimbo. Tulipokuwa wadogo tulijua kwamba akinyamaza basi amefika penye kidonda au penye mapunye, naye alikuwa na desturi ya kuwaweka watoto wenye mapunye mwisho wa foleni, bila kusema kwa nini mbele ya watu, kisha akaloweka vyombo katika dawa na kumwita mzazi pembeni. Kwa ndevu alitumia maji ya moto, sabuni nyingi, na subira. Alikuwa akisema kwamba nywele zetu sisi hujikunja, na ukizikata chini sana zile ncha huingia tena ndani ya ngozi zikaleta vipele, kwa hiyo mtu mwenye vipele vya ndevu aache tamaa ya kuwa laini kama yai. Maafisa wengi hawakupenda kusikia jambo hilo. Alimaliza kwa shabu, na shabu iliuma.

Waislamu wa mtaa wetu, ingawa yeye alikuwa Mkristo, walikuwa wakimwita nyumbani kwao siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa, ili amnyoe mtoto nywele zake za kwanza, ambazo hupimwa uzito na kutolewa sadaka ya fedha yenye uzito ule. Walimchagua kwa ajili ya wepesi wa mkono wake. Utosi wa mtoto mchanga haujafunga, nao hupwita chini ya ngozi kama moyo, na mama wa mtoto huwa amekaa karibu hapumui. Aliwahi kuniambia kwamba katika kazi yake yote hakuna pesa alizozipata kwa taabu kama zile, na hakuna alizozipenda zaidi.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alitupeleka kwa Mzee Kinyozi, yeye na ndugu yangu na mimi. Benchi lile lilikuwa baraza letu. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma gazeti kabla sijafika darasa la tatu, kwa sababu Mzee Kinyozi alinunua Taifa Leo kila siku aliyopata wateja watatu kabla ya saa mbili asubuhi, kisha akamtaka mtoto yeyote aliyekuwa akingoja zamu asome kwa sauti wakati yeye ananyoa. Mtoto akikwama kwenye neno, wazee wote walimsaidia, kila mmoja kwa namna yake. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya ngumbaru yaliyoenea nchini baada ya kampeni ya mwaka wa 1979, naye hakuona haya kusema hivyo. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa zilizosimama mbalimbali, kama watu wasiojuana.

Tulikuwa tukiwasikia wazee wakimchokoza kwa habari za miaka ya sabini, wakati vijana walipoanza kufuga nywele za Afro. Mashine ilikaa ndani ya sanduku. Alisema kwamba ulifika mwezi mmoja ambao hakunyoa ila watoto wa shule, askari na vipara, na mkewe akawa ndiye anayelisha nyumba kwa kuuza mahamri na chai stesheni. Hakukasirika. Alitafuta mkasi mrefu na kitana cha meno mapana, akajifunza kuzisawazisha nywele zile ziwe duara kama chungwa, akatoza bei ya juu kuliko ya kunyoa. Lakini alikuwa na ukaidi wake. Wakati vijana wa miaka ya tisini walipotaka kunyolewa kipara kinachong'aa na kukiita Jordan, kwa jina la yule mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, yeye aliwanyoa, ila alikataa katakata kuandika herufi au kuchora michoro kwenye kisogo cha mtu. Aliwaambia, "Ukutani kuna nafasi."

Nyumba yake ilikuwa na watoto saba wa kuzaa na wawili wa dada yake aliyefariki, jumla tisa, katika vyumba viwili. Kila jioni, kabla ya kuvua koti lake jeupe, aliyamwaga mapato ya siku juu ya meza mbele ya mkewe, nao wakayagawanya katika mikebe mitatu: mkebe wa Kimbo ulikuwa wa chakula, wa Blue Band ulikuwa wa ada za shule, na wa tatu, ambao ulikuwa mkebe wa maziwa ya watoto, ulikuwa wa vyombo na maradhi. Haikuruhusiwa mkebe kukopa kwa mwenziwe isipokuwa wote wawili wamekubali. Watoto waliyaona hayo kila siku, na hakuna mtoto wa nyumba ile aliyekuwa na sababu ya kuuliza pesa zimekwenda wapi. Mimi napokea mshahara wa serikali tarehe ile ile kila mwezi, pamoja na posho ya nyumba na tumaini la pensheni, na mara nyingi nimeketi mezani kwangu nikajaribu kufanya hesabu ya jinsi vichwa vya shilingi kumi kumi vilivyosomesha watoto tisa. Hesabu haiji. Najua tu kwamba hakunywa pombe, kwamba koti lake lilikuwa moja, na kwamba serikali ilipoondoa ada ya shule za msingi mwezi wa Januari 2003, watoto wake wakubwa walikuwa wamekwisha kupita huko zamani, na aliyefaidika alikuwa kitinda mimba peke yake. Alilisema jambo hilo kwa kucheka, lakini alilisema mara nyingi.

Mwezi huo huo wa Januari 2003 ndio niliokwenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya misheni. Shule ilitaka nywele fupi. Nilipomaliza kunyolewa nikatoa pesa, akaukunja mkono wangu akasema, "Mwanangu, nenda kasome. Hizi utanunulia wino." Siku hizo wino ulikuwa umekwisha kupitwa na kalamu za risasi na za plastiki, lakini kwake yeye shule ilikuwa bado ina harufu ya wino.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililompa mji ule haki ya kumlilia. Ugonjwa wa Ukimwi ulitambuliwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984, na mnamo mwezi wa Novemba 1999 ukatangazwa kuwa janga la taifa. Katika miaka ya katikati hofu ilitembea kuliko maarifa, hasa katika miji ya barabara kuu kama Voi, ambako malori hulala. Watu waliambiwa kwamba wembe unaweza kuambukiza, na jambo hilo ni kweli ikiwa una damu ya mgonjwa, lakini wao waliongeza yao: kwamba kiti kinaambukiza, kitambaa kinaambukiza, povu la sabuni linaambukiza. Benchi likabaki tupu. Kuna waliorudi kunyoana nyumbani kwa nyembe za duka, ndugu kwa ndugu kwa wembe mmoja, jambo ambalo lilikuwa la hatari zaidi kuliko lile walilolikimbia.

Yeye alikwenda zahanati akamwuliza muuguzi maswali mpaka akaridhika. Aliporudi aliufunga ule wembe wake mrefu wa Kihindi katika kitambaa, akauweka, wala sikumwona akiutumia tena. Akanunua kishikizo cha wembe wa kubadilisha. Akatoa sheria kwamba kila mtu anunue wembe wake mpya kwenye kibanda cha jirani, aje nao ndani ya karatasi yake, uufungue mwenyewe, na baada ya kazi uvunjwe mbele yake na kutupwa chooni. Meno ya mashine aliyasugua kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa. Alimweka mtoto mmoja aandike sheria hizo kwa herufi kubwa, akazibandika chini ya kioo. Polepole watu wakarudi.

Lakini palikuwapo wengine ambao hawangeweza kurudi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi nilipomfuata siku moja nikiwa nimebeba beseni lake, naye alikuwa akienda katika chumba cha kupanga nyuma ya soko. Ndani alikuwamo dereva wa lori ambaye alikuwa amedhoofika mpaka meno yakaonekana makubwa. Jamaa zake walikuwa wakimwachia chakula mlangoni. Mzee Kinyozi alimwamkia, akamwuliza habari za safari, kana kwamba yule mtu alikuwa amefika jana tu kutoka Malaba, kisha akamketisha, akampasha uso kwa kitambaa cha maji ya moto, akamnyoa ndevu na nywele. Alichukua muda mrefu kuliko kwa mtu mzima wa afya. Akamshikia kioo kidogo. Yule dereva alijitazama, akasema neno moja tu, "Kumbe." Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza kama haogopi. Akaniambia kwamba mtu akiguswa kichwa hukumbuka kwamba ni mtoto wa mtu, na yule bwana alikuwa hajaguswa na yeyote kwa miezi miwili. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba alifanya hivyo kwa wengi, kila Jumatatu, siku ambayo kibanda kilifungwa na sisi tulidhani anapumzika. Jamaa zao wengine walifika kujua kwamba inawezekana kuingia ndani kwa sababu walimwona yeye anaingia.

Katika wale watoto tisa, mwana wake wa kwanza alikwenda Mombasa, akapata kazi nzuri ya bandarini, akaiona kazi ya baba yake kuwa ni ndogo, na akaadimika. Baba hakumsema vibaya hata mara moja mbele yetu. Aliyeshika wembe ni binti, mtoto wa tatu. Alianza kwa kufagia nywele, kama baba yake alivyoanza, na naamini kwamba naye alinyoa chupa. Ilipofika mwaka wa 2005 au karibu na hapo, ndiye aliyeleta mashine ya umeme, na baba na binti hawakusemezana kwa siku tatu. Siku ya nne mzee aliiwasha, akaisikiliza inavyonguruma, akasema kwamba haina wimbo. Lakini alimwachia upande mmoja wa kibanda.

Hapo ndipo yalipoanza maneno. Wazee kadhaa walisema kwamba mwanamke hawezi kushika kichwa cha mwanamume, na mmoja akaondoka kitini na povu likiwa bado shavuni. Mzee Kinyozi hakubishana. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, benchi likiwa limejaa, alivua kofia yake, akaketi katika kiti cha wateja, akamwambia binti yake, "Haya, ninyoe." Kuanzia siku hiyo hakunyolewa na mtu mwingine yeyote.

Baba yangu alipokuwa hospitalini mwaka wa 2014, Mzee Kinyozi alipanda matatu kila baada ya siku kumi akaenda kumnyoa, wala hakupokea nauli kutoka kwetu. Siku ya mwisho alimnyoa akiwa amekwisha kukata roho. Nilikuwapo, ila sina mengi ya kusema juu ya siku hiyo, isipokuwa kwamba aliendelea kumwambia, "Geuka kidogo, bwana mkubwa," kama alivyomwambia kwa miaka yote.

Korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, na amri ya kutotoka nje usiku ikafuata, watoto wake walimkataza kwenda kibandani kwa ajili ya umri wake. Alikaa nyumbani akinoa visu vya majirani. Hakurudi tena kuwa mtu wa kusimama kutwa. Mwezi wa Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti, alifariki usingizini.

Ndugu zake waliteremka kutoka milimani, na mwanawe wa kwanza akafika kutoka Mombasa. Katika kikao cha kupanga maziko ilitajwa kwamba marehemu ana ndevu za wiki mbili na lazima anyolewe. Wajomba walisema wataita kijana mmoja wa kinyozi cha upande wa pili wa mji, mwanamume. Yule mwana wa kwanza akakubaliana nao. Walisema haifai binti kumwona baba yake katika hali ile, na kwamba desturi si jambo la kuchezewa wakati wa msiba. Walisema kwa adabu, wala sidhani kwamba walikuwa na nia mbaya. Binti alikaa kimya, mikono imekunjwa mapajani. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao, na kalamu yangu ilisimama.

Mama Kinyozi alikuwa amelala mkekani chumba cha pili. Alitoka, akasimama mlangoni, akasema: "Shemeji zangu, nawaheshimu. Lakini mume wangu hatashikwa kichwa na mtu asiyemjua, siku ambayo hawezi kusema kama wembe unamwuma." Akarudi ndani. Jambo likawa limekwisha.

Nilibeba beseni mpaka mlango wa chumba cha maiti, nikangoja nje. Mlango haukufungwa vizuri. Nilisikia maji, na kwa muda mrefu sikusikia kitu kingine, kisha nikasikia akiimba puani, polepole, ule wimbo usio na maneno. Kaka yake alikuwa amesimama kando yangu na tai yake ya kazini. Baada ya muda akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia kumshikia taa. Siku ile wapo waliosema kwamba binti amevunja desturi, na wapo wanaosema hivyo hata leo. Mimi kwa upande wangu naona kwamba hakuna mtu aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kuwamo chumbani mle, na laiti nisingesema hivyo gazetini, kalamu hii ingekuwa ya kazi gani?

Siku ya maziko walikuja watu wengi kuliko viti. Kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu, walikuja pia wagombea, kila mmoja na wasaidizi wake, kila mmoja akitaka kuzungumza kwanza. Lile benchi la kibandani lilikuwa limeletwa likawekwa chini ya mwembe. Mzee mmoja wa mtaa aliyekuwa akiongoza shughuli aliwaonyesha benchi, akawaambia kwamba kwa Kinyozi hakuna mheshimiwa, kuna anayefuata. Watu walicheka huku wakilia, nao wagombea wakaketi kwa zamu yao kama watoto wa shule.

Usiku, baada ya wageni kupungua, mama alileta ile mikebe mitatu. Miwili ilikuwa na pesa kidogo. Katika mkebe wa maziwa palikuwa na daftari la mazoezi, limekunjwa mara mbili, nalo nikapewa mimi nisome kwa kuwa ni karani. Lilikuwa orodha ya watu waliokuwa wamenyolewa bila kulipa, tangu mwaka wa 1983, kwa zile herufi zake zilizosimama mbalimbali: jina, vichwa vingapi, shilingi ngapi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba deni limedaiwa. Wengi katika majina yale wamekwisha kufa. Katika ukurasa wa mwaka wa 1998, mwaka ambao baba yangu alikuwa hana kazi, niliona jina lake: vichwa vitatu, shilingi 45, na chini yake tena vichwa vitatu, na tena, mara tano.

Mama akasema daftari lisisomwe nje ya chumba kile, na kwamba asidaiwe mtu. Lakini mji mdogo hauna kuta. Kabla ya saa nne usiku alikuja mzee mmoja na shilingi mia mbili, akaziweka juu ya meza bila kueleza. Akafuata mwingine. Mimi nilitoa shilingi 225 za baba yangu. Binti alikuwa ameketi mezani, akauvuta mkebe wa Blue Band, ule wa ada, akaanza kuzitia humo, kwa sababu kitinda mimba alikuwa bado yuko chuoni na muhula ulikuwa unaanza mwezi wa Septemba. Mpaka nilipoaga kwenda nyumbani walikuwa wamekuja watu kumi na mmoja.